Homa ya Miezi Minne

Nimeuguza watoto miaka mingi, na wajinga nimewaona wa kutosha. Yuko mjinga asiyejua, huyo unamfundisha na anakushukuru. Wa kuchosha ni mjinga mwenye kompyuta, maana ujinga wake huja na picha za rangi. Wa kwetu alifika Nakuru mwaka wa 2007 akitoka Nairobi, na begi la ngozi na miwani aliyoipandisha juu ya kichwa hata akiwa ndani ya nyumba. Alikuwa daktari kweli, vyeti anavyo, sikatai. Lakini katika misimu miwili niliyofanya kazi naye sikumwona hata siku moja akimgusa mtoto.

Hospitali yenyewe siitaji jina. Waliokuwa pale wanaijua, na ambao hawakuwa pale hawapotezi kitu. Ilikuwa ndogo, ya mabati mekundu, na wodi yake ya watoto ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha ambayo hayafungi vizuri. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi hiyo.

Daktari alikuja kulinganisha. Kila mvua ya masika ikikolea, kirusi kimoja cha kifua huwaangukia watoto wachanga wa mji huu. Wanaletwa mbavu zikiingia ndani, pua zimepanuka, wananyonya mara mbili wanaachia titi ili wapumue. Yeye aliuita mlipuko. Sisi tuliuita mwezi wa tano. Alitaka kuuchunguza mlipuko wa mwaka huo, halafu auchunguze wa mwaka unaofuata, aiweke miwili kando kwa kando aone tofauti. Wazo si baya. Hata mama wa sokoni hulinganisha viazi vya leo na vya juzi, ila mama huyo huvishika kwanza.

Mwaka huo wa kwanza fomu zilikuwa za Kiingereza, na sisi wauguzi ndio tuliozijaza. Swali lilipotaka kujua kama mtoto alikuwa na joto kali la mwili kabla ya kulazwa, tulimgeukia mama tukamuuliza kwa lugha iliyoko: mwili wake umekuwa moto? Mama alijibu, tukaandika. Tulipangusa pua za watoto kwa pamba ndefu, pamba zikaenda Nairobi, na majibu yakarudi wakati mtoto ameshapona yuko nyumbani akivuta mkia wa paka, au ameshazikwa. Hakuna aliyetushukuru, na kazi ilienda.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale ya kufukuzana kikabila. Sina haja ya kuyasimulia. Nitasema tu kwamba mwezi wa kwanza wa 2008 watu waliolala vitandani mwao Jumamosi walilala kwenye nyasi Jumapili, na kufikia masika kulikuwa na kambi ya mahema nje ya mji, yenye vumbi jua likiwaka na tope mvua ikinyesha, na watoto wake wakiumwa walikuja kwetu.

Daktari alirudi mwezi wa nne. Safari hii alikuja na fomu mpya, ya Kiswahili. Nairobi walikuwa wameamua, alivyotueleza kwenye semina, kwamba sauti ya mama isikike bila kupotoshwa na muuguzi. Tulipewa beji na tishati. Tukaitwa wasaidizi wa utafiti. Kiswahili cha fomu kilikuwa kimeandikwa na mtaalamu wa lugha wa pwani, na kilikuwa kizuri, cha kusomwa redioni. Swali la nne lilikuwa hili: Je, mtoto ana homa? Kama ndiyo, tangu lini?

Pwani, na katika vitabu, homa ni mwili kuwaka moto. Nakuru homa ni kamasi. Ukiwa unapiga chafya na macho yanatoka machozi, unasema uko na homa. Ukichemka mwili, unasema mwili ni moto, au unasema ni malaria na kumaliza mjadala. Hakuna mtoto wa shule hapa asiyelijua hilo. Yule mtaalamu wa lugha hakuwa na kosa, hajawahi kuamka katika mji huu asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Lakini sisi tulioamka hapa maisha yetu yote tulikaa kwenye semina ile, tukasoma swali la nne, tukatazamana, na kila mmoja akamwachia mwenzake aseme.

Mmoja wetu alijaribu kidogo. "Daktari, hapa tuwaeleze kidogo wamama?"

"Msieleze," akasema. "Msitafsiri. Mama akisema ndiyo, weka alama ya ndiyo. Ninyi si wakalimani, ninyi ni kalamu."

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilivaa tishati. Ilinikaa vizuri, na nilipenda jinsi wauguzi wa wodi nyingine walivyoitazama. Kwa hiyo nikimdharau Daktari katika kurasa hizi, na ninamdharau kwa moyo wote, msomaji asidhani nimejisahau.

Basi tukaanza kuuliza. Mama kutoka mtaa wa Longonot: homa ako nayo, tangu wiki mbili. Mama wa Bondeni: homa haiishagi kwa hawa watoto, sista. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kando ya swali la nne kulikuwa na nafasi ya kipimajoto, na hapo tuliandika kile ambacho kipimajoto kilisema, yaani kwamba mtoto hana joto la kuzidi. Alama ya ndiyo na namba ya kuikanusha zilikaa kwenye mstari mmoja, fomu baada ya fomu, na hakuna aliyekuwa anasoma.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mama mmoja wa kambini alimleta msichana wa miezi minane aliyeungua. Uji ulimwagika kutoka kwenye jiko lililowekwa chini, kwa sababu ndani ya hema hakuna mahali pengine pa kuliweka, ukamchoma mguu wa kushoto kuanzia gotini kushuka. Kifua chake kilikuwa kisafi. Nilikisikiliza mwenyewe. Alilia kwa pumzi ndefu, na mtoto wa kulia vile hana shida ya mapafu. Kamasi zilikuwepo, kama kwa kila mtoto anayelala kwenye turubai.

Mama yake alizaliwa Bondeni, katika nyumba za kaunsili, babu yake akiwa mtu wa reli aliyetoka magharibi zamani. Aliniambia hayo nikifunga bendeji, bila kulalamika, kama mtu anavyotaja darasa alilofikia shuleni. Halafu nikatoa fomu. Kila mtoto aliyelazwa alijaziwa, hata aliyekuja na mguu.

"Mtoto ana homa?"

"Ehe, homa ako nayo, lakini ni hii tu ya kawaida, sista. Si ya kushtua. Ni baridi ya kule kambi."

"Tangu lini?"

"Tangu tutoke kwa nyumba. Mwezi wa kwanza."

Nikaweka alama. Nikahesabu kwa vidole, nikaandika: miezi minne. Mtoto wa kuwaka moto mwili kwa miezi minne angekuwa maiti, au angekuwa muujiza wa kuitiwa maaskofu, na mimi niliyesomea uuguzi niliandika hivyo nikageuza ukurasa.

Wiki iliyofuata Daktari aliita mkutano. Palikuwa na chai na samosa, na ukutani palikuwa na picha ya kompyuta yake: nguzo mbili, moja fupi ya bluu, moja ndefu nyekundu. Ya bluu ilikuwa mwaka 2007, watoto waliofika hospitalini wakiwa na homa. Nyekundu ilikuwa mwaka 2008. Alituachia muda tuitazame. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

Akaeleza kwamba mlipuko wa mwaka huu ni wa aina nyingine. Mwaka uliopita watoto waliugua ghafla. Mwaka huu walifika wakiwa tayari na homa ya wiki, ya miezi. Hali hii ameipa jina, akasema: homa sugu ya kambini. Watoto wa kambi wanaishi na maambukizi na kuyaleta mjini. Mkuu wa wodi, mama mtu mzima ambaye alikuwa ameuguza kabla Daktari hajaota meno, akauliza mbona wamama wa Longonot na wa Bondeni, ambao kambi hawajaikanyaga, nao wamejibu ndiyo.

"Hapo sasa," akasema Daktari, akifurahi zaidi. "Inaonyesha imesambaa kiasi gani."

Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nilikuwa na samosa mdomoni. Nililijua kosa lilipo, nililijua neno lenyewe, na ningeweza kulisema kwa pumzi moja. Milipuko ile miwili ilikuwa ndugu wa tumbo moja: miezi ileile, umri uleule, mbavu zilezile zinazoingia ndani. Kilichobadilika ni fomu. Nikamaliza kutafuna, nikanywa chai, na wakati nimemeza walikuwa wameshafika kwenye hema.

Hema lilikuwa ndilo hitimisho la utafiti. Turubai lilitolewa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwema aliyeambiwa tu kwamba hospitali imejaa. Lilisimamishwa nyuma ya jiko la hospitali. Kila mtoto wa kambi mwenye alama ya ndiyo kwenye swali la nne angekaa humo mpaka majibu ya pamba yarudi kutoka Nairobi. Watoto wa mjini wenye alama hiyohiyo wangebaki wodini. Nani alikuwa na kirusi na nani hakuwa nacho, hilo halikumshughulisha mtu. Na mashine ya oksijeni ilikuwa moja, na waya wake haukufika nje.

Niliyetumwa kumhamisha msichana wa mguu nilikuwa mimi. Mama yake alikuwa akimlisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Kwa nini?"

"Fomu inaonyesha ako na homa."

"Si hata yule ako na homa?" Akaelekeza kijiko kwenye kitanda cha jirani, ambako mtoto wa mwalimu alikuwa na kamasi mpaka kidevuni. "Na wewe mwenyewe jana ulikuwa unapiga chafya hapa."

"Ni amri, mama."

"Mtoto wangu ameungua mguu, sista. Mguu."

Akainuka hata hivyo. Mtu aliyehamishwa mara moja kwa nguvu hujifunza kufunga vitu haraka. Alikusanya shuka, kikombe, kijiko, akamweka mtoto begani mguu wenye bendeji ukining'inia, akanifuata nje kwenye mvua. Ndani ya hema walikuwepo watoto wengine, na wawili kati yao walikuwa na ule ugonjwa wenyewe. Sikuhitaji pamba wala Nairobi. Niliwasikia kabla sijafunua turubai.

Siku ya tano msichana alianza kukohoa. Siku ya sita aliacha kunyonya. Nilimkuta asubuhi akiwa kimya, mdomo umezungukwa na rangi ya majivu, ngozi ya katikati ya mbavu ikizama kwa kila pumzi. Mama yake hakulia wala hakupiga kelele. Alimfunua tu kifua akanionyesha, kisha akanitazama usoni.

Nilienda kwa Daktari nikikimbia. Alikuwa kwenye ofisi aliyoazimwa, akiandika. Nikamwambia kwamba swali la nne ni bovu, kwamba hapa homa ni mafua, kwamba nguzo yake nyekundu ni kamasi tupu, na kwamba kuna mtoto nyuma ya jiko anayehitaji oksijeni sasa hivi kwa sababu ya neno.

Alishusha miwani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinyoosha mkono akachukua kamusi kutoka rafuni, akafungua, akanigeuzia ukurasa na kuweka kidole.

"Soma. Hali ya mwili kuwa na joto kupita kiasi. Homa ni homa, sista."

"Daktari, juzi hapa ulipiga chafya ukamwambia mama wa chai nini?"

"Sikumbuki."

"Ulimwambia, 'Niko na homa, niwekee tangawizi.' Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Ulikuwa na joto?"

Kwa sekunde chache niliamini kwamba limeingia, na nadhani kweli liliingia, maana masikio yake yalibadilika rangi. Kisha akaifunga kamusi taratibu.

"Hiyo ni lugha ya kuongea," akasema. "Hii ni data."

Nimekutana na watu wabaya baada ya hapo, hata wezi wa dawa, lakini sijamdharau mtu kama nilivyomdharau yule wakati ule. Yeye mwenyewe alikuwa akisema lugha yetu kila alipoumwa, ila ilipofika zamu ya wengine kuumwa aliihamia kamusi. Nilitoka bila kufunga mlango.

Mkuu wa wodi hakuhitaji maelezo. Aliniuliza mtoto yuko wapi, akaenda mwenyewe, akarudi naye mikononi akipita katikati ya wodi, na mama nyuma yake. Daktari alikuja mpaka mlangoni kuuliza kwa idhini ya nani. "Ya mbavu," akamjibu mkuu wa wodi bila kugeuka. Mpira wa oksijeni, ambao watoto walikuwa tayari wanagawana, tukaugawa tena. Kabla ya chakula cha mchana watoto wote wa hema walikuwa ndani, wawili wawili kitandani, na aliyekuwa na neno la kusema alilimeza.

Mimi nilichukua kalamu nyekundu nikakaa na mafaili. Kila palipokuwa na homa ya ndiyo na kipimajoto kisicho na joto, nilikata, nikaandika pembeni: mafua. Nilikata mpaka mkono ukauma. Hasira ilinisaidia kwenda haraka, ingawa nyingi ya alama nilizokata zilikuwa za mkono wangu. Nilipofika kwenye miezi minne nilikaa na karatasi ile kidogo. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Kazi ile haikusaidia chochote. Fomu zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta, na kilichoingia hakitoki. Nilinyang'anywa beji kwa kuharibu nyaraka za utafiti. Tishati waliniachia, nikaipangusia sakafu. Daktari alirudi Nairobi na nguzo zake mbili, na baadaye nikasikia kwamba amealikwa mahali kuzieleza, homa sugu ya kambini na yote, na watu wakampigia makofi. Sina shaka. Watu hupiga makofi kwa picha za rangi.

Msichana alikaa kwenye oksijeni siku tisa. Siku ya nne tulimkatia tamaa, sote, isipokuwa mama yake, ambaye alikuwa akikamua maziwa kwenye kikombe kila saa ingawa hakuna aliyeyanywa, anamwaga, anakamua tena, ili yasikauke. Siku ya saba mtoto alishika kidole changu nilipokuwa nambadilishia mpira. Siku ya kumi alinyonya. Mguu ulikuwa umeanza kupona zamani, hakuna aliyekuwa anaukumbuka.

Siku ya kuruhusiwa nilingoja mpaka wenzangu wamekwenda chai. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu usiku. Mama alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akivuta ncha moja kisha nyingine.

"Mama, pole," nikasema. "Yale yote yalikuwa makosa ya fomu."

Alifunga fundo kwanza.

"Fomu haikuniuliza kitu," akasema. "Ni wewe uliniuliza."

"Ni ukweli."

"Na nilikujibu vile watu wanaongea. Sikuwa na haja ya kukueleza zaidi." Hakuinua sauti. Alinitazama vile nilivyomtazama Daktari ofisini siku ile ya kamusi, mtazamo uleule, na niliutambua mara moja kwa sababu nilidhani ni wangu peke yangu. "Nilifikiria wewe ni mtu wa hapa."

Akachukua kikombe chake akaondoka. Mwaka huo watu wengi walinisimamisha barabarani, wengine wakiwa na panga, wakitaka kujua mimi ni mtu wa wapi, na kila mara nilikuwa na jibu. Yeye hakuuliza, na jibu sikuwa nalo.